Picha Unayoitafuta Imo Jikoni

Juma lililopita nilipokea barua ya msomaji mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, mama wa watoto watatu, afanyaye kazi ya zamu kiwandani. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami sitalitaja. Anaeleza kwamba tangu utotoni alipenda kuchora, na kwamba mwaka huu, baada ya kujinyima kwa muda mrefu, alinunua tyubu sita za rangi za akriliki, brashi tatu, na maturubai mawili madogo yaliyokwisha kuwambwa. Siku alipovifikisha nyumbani mumewe alivitazama, akauliza bei, kisha akanyamaza. Ukimya ule, asema, ulimwuma kuliko maneno.

Tangu siku hiyo ni mwezi wa pili sasa. Maturubai yangali meupe, yameegemezwa ukutani nyuma ya kabati. Jumapili moja aliwaacha watoto kwa dada yake, akapanda pantoni kwenda Kigamboni kutafuta kitu cha kuchora. Alitazama bahari, minazi na mitumbwi, akarudi mikono mitupu, kwa sababu kila alichokiona alikuwa amekwisha kukiona katika picha ziuzwazo kwa watalii. Sasa ananiuliza wachoraji huzipata wapi picha zao, au labda yeye hakujaliwa. Anaongeza kwamba mwezi huu ukiisha hajachora kitu, atamuuzia rangi zile mwanafunzi mmoja jirani yake ili fedha irudi nyumbani.

Dada yangu, usiziuze kwanza. Nisikilize.

Mimi nami nilipotea njia hiyo hiyo. Kwa muda wa miaka miwili, kila nilipopata wasaa, nilikuwa nikinakili kalenda. Kalenda yenyewe ilikuwa na Mlima Kilimanjaro, tembo watatu mbele yake, na wingu moja lililokaa kileleni kama kilemba. Niliichora mara saba. Mara ya saba tembo walifanana na tembo barabara, hata majirani wakanisifu. Nikampelekea dada yangu iwe zawadi ya harusi, naye kwa adabu zake akaitundika nyuma ya mlango wa chumba cha wageni, mahali ambapo mlango ukifunguliwa picha haionekani. Sikumlaumu. Picha ile haikuwa na habari yoyote ya kumpa, maana mimi mwenyewe sijapata kusimama chini ya Kilimanjaro pamoja na tembo watatu.

Kisha usiku mmoja umeme ulikatika. Mke wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa akilipepea kwa kifuniko cha sufuria. Mwanga ulitoka chini, ukampiga kidevuni na viganjani. Macho yake yalikuwa gizani. Ukuta wa nyuma, ambao mchana ni mweupe wa chokaa, ulikuwa buluu tupu. Sikuwaza habari ya sanaa hata kidogo. Nilichukua kipande cha ubao wa dari kilichobaki fundi alipomaliza kazi yake, nikawasha mshumaa, nikachora kwa muda usiotimia saa moja: buluu iliyotiwa nyeusi kidogo kwa chumba kizima, rangi ya machungwa mahali pa moto, kisha mstari mmoja mzito wa nyekundu ukingoni mwa mkono. Uso sikuumaliza, kwani mshumaa uliisha.

Asubuhi mke wangu akaikuta mezani. Aliitazama kitambo, akasema hiyo ndiyo jioni ile tuliyogombana juu ya ada ya chuo ya kijana wetu. Ni kweli tuligombana jioni ile, lakini nilipokuwa nachora sikulifikiria hilo. Mkono ndio uliokumbuka. Mabega niliyoyachora yalikuwa yamekazwa kupita mabega ya mtu apepeaye moto tu. Basi tukakaa pale mezani, chai ikapoa, tukaizungumza ile ada kwa namna ambayo jana yake ilitushinda. Hata hivyo alinikatalia katakata kuitundika picha sebuleni. Ikaenda jikoni.

Hii ndiyo maana ya uchoraji wa hisia, ambao wengine huusimulia kwa maneno makubwa ya kutisha. Mchoraji hutwaa kitu alichokiona, akakitoa kwa jinsi kilivyompata yeye, hata kama kwa kufanya hivyo ukuta mweupe utakuwa buluu na mkono utakuwa mnene kuliko ulivyo. Kunakili sura tupu, simu iliyo mfukoni mwako hufanya hivyo kwa nukta moja na kutushinda sote. Lakini simu haikuwapo moyoni mwako wakati mtoto alipochelewa kurudi kutoka shule. Sasa ikiwa kinachochorwa ni jinsi kitu kilivyokupata, hapana budi kiwe kitu kilichokupata. Bahari ya Kigamboni, dada yangu, ilikuona kama mgeni, nawe uliitazama kama mgeni. Mliagana salama.

Tutazame wakubwa walifanyaje. Marehemu Sam Ntiro, mwana wa Uchagani aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma na kufundisha Makerere, akasoma pia katika chuo cha sanaa cha Slade huko London, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 akawa Balozi wetu Uingereza. Mtu huyo aliyaona majumba ya picha ya Ulaya kwa macho yake. Lakini akishika brashi alirudi migombani: watu wanajenga nyumba, wanakata miti, wanakwenda sokoni. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Watu wake ni wadogo, wamechorwa kwa ufupi sana, wala hutaweza kumtambua mtu kwa sura. Walikuwako waliosema kwamba michoro yake ni ya kitoto. Mimi nadhani alijua alifanyalo, maana katika shughuli ya kijiji usiku huoni pua ya mtu; unaona mwendo wa wengi.

Mwingine ni Mholanzi Vincent van Gogh. Mwaka 1885, katika kijiji cha Nuenen, alichora jamaa watano wa kikulima wakila viazi chini ya taa moja. Kabla ya hapo alikuwa amechora vichwa vya wanakijiji kwa makumi ili mkono uzoee. Katika barua zake alieleza kwamba alitaka rangi ya picha ile iwe kama ya kiazi chenye vumbi ambacho hakijamenywa, na kwamba mikono inyooshwayo sahanini ionekane kuwa ndiyo hiyo hiyo iliyochimba ardhi. Rafiki yake mchoraji alipoiona nakala yake aliisema vibaya mno, hata urafiki wao ukaingia ufa. Leo picha hiyo imo Amsterdam na watu husafiri kwenda kuitazama. Chakula cha jioni, taa moja, mikono iliyochoka: dada wa Tandika, ni kipi kati ya hivyo ambacho huna?

Utaniambia kwamba hao walitumia rangi za mafuta, nawe unazo za akriliki. Hapo ndipo ulipobahatika, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi huzinunua rangi hizi bila kuelezwa tabia yake.

Akriliki ni rangi changa. Wasanii wa Marekani walianza kuuziwa zile za kuchanganya na maji katikati ya miaka ya 1950. Ndani yake mna unga wa rangi ulioshikwa na utomvu wa kiwandani, jamaa ya plastiki, ambao umetawanywa katika maji. Maji yakishakauka, chembe za utomvu ule hushikana na kuwa ngozi moja, na tangu hapo maji hayaiyeyushi tena. Rangi za mafuta huhitaji siku, pengine majuma, kabla hujapaka tabaka la pili bila kuvuruga la kwanza. Akriliki iliyopakwa nyembamba hukauka kwa dakika chache. Kwa mtu arudiye kutoka zamu saa kumi na mbili jioni, akapika, akaogesha watoto, akabakiwa na nusu saa yake mwenyewe, hakuna rangi iliyo rafiki zaidi. Umekosea? Ngoja uji uchemke, kisha paka juu yake.

Lakini wepesi huo una hila zake, hasa katika joto letu la pwani. Usikamue rangi nyingi sahanini. Kamua kiasi cha kunde moja, ukimaliza ongeza. Weka kitambaa kibichi kando, na ukiitwa mlangoni funika sahani kwa mfuko wa plastiki. Brashi isikauke na rangi hata mara moja. Ioshe papo hapo kwa maji na sabuni, maana ikikaukiwa ndiyo imekufa. Kadhalika uzoee kwamba rangi ikikauka huwa nzito kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa sababu utomvu mbichi una weupe kama wa maziwa ambao hutoweka ukikauka. Wanaoanza hudhani wamechanganya vibaya, wakarekebisha, wakaharibu. Subiri ikauke ndipo uhukumu.

Ukiizimua kwa maji mengi hutiririka kama chai ya rangi. Ukiipaka ilivyo hukaa na alama za brashi kama ugali ulioachwa na mwiko. Waweza kuitia mchanga laini uliochekechwa, ukapata ukuta wa udongo wenye kukwaruza kweli. (Mchanga wa baharini uoshwe sana kwanza. Mimi sikuosha, na chumvi ikatoka juu ya picha kama ukoga.) Jambo moja usilifanye: usiipake juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, kwa kuwa haishiki vema, itabambuka. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tunapenda kufuata nyayo za marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Yeye alitumia rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vibao vya kujengea. Hiyo ni rangi ya aina nyingine kabisa, haipatani na maji. Tumfuate katika ile busara yake ya kutumia kilichokuwako mjini siku zile.

Na kama unataka kujua akriliki yaweza kulifanya nini jambo dogo la kila siku, yupo Mwingereza David Hockney, ambaye mwaka 1967, akiwa California, alichora bwawa la kuogelea mara tu baada ya mtu kujitosa. Mtu mwenyewe haonekani. Maji yaliyoruka ndiyo yanayoonekana. Picha ina takriban meta mbili na nusu kila upande. Nyumba, mbingu na maji yaliyotulia aliyapaka kwa rola, kama fundi wa kupaka nyumba, lakini yale maji yaliyoruka aliyachora kwa brashi ndogo kwa muda wa karibu majuma mawili. Jambo lenyewe hudumu kwa nukta mbili tu. Sisi bwawa hatuna. Tunayo ndoo inayomwagwa uani, na mtoto anayeruka dimbwi la masika na sare yake ya shule. Ukiwa na subira ya majuma mawili kwa nukta mbili hizo, hutakosa kazi.

Sasa tuje kwenye siku yako, dada yangu, kama ulivyoieleza katika barua. Unatoka zamu ya usiku alfajiri. Umeandika, katika sentensi moja tu, kana kwamba si kitu, kwamba ndani ya daladala wote hulala wakiwa wamesimama, mikono imeshika chuma cha juu. Nilipoisoma sentensi ile niliweka barua chini. Mikono ile! Mikono kumi au kumi na miwili iliyoinuliwa, vichwa vimeinama, na dirishani mbingu ya kijivu inayoanza kuingia njano. Hiyo ni picha. Wala huhitaji nyuso. Usiulize mkono una rangi gani. Uliza saa kumi na moja alfajiri ina rangi gani kwa mtu aliyesimama usiku kucha mbele ya mashine. Labda ni kijani ya ugonjwa, labda ni zambarau. Wewe ndiye unayejua, na hapo hakuna mwalimu atakayekusahihisha.

Nunua daftari dogo la mfukoni. Usijaribu kuchora ndani ya daladala, utaangukia watu. Andika maneno tu: saa, mahali, rangi mbili, na lile lililokubana kifuani. Mimi langu lina mambo ya ovyo kabisa: kivuli cha ngazi ukutani jioni, zambarau, mzee akihesabu sarafu dukani mara ya pili, kiatu kimoja cha mtoto mlangoni, kingine hakipo. Hicho kiatu nilikichora mara tatu, na kila mara mlango ukawa mkubwa zaidi na kiatu kikawa kidogo zaidi. Sikukusudia. Ile ya tatu ndiyo iliyonipa hofu niliyokuwa nayo siku ile, ingawa mtoto alikuwa nyumba ya pili tu akitazama mpira.

Halafu zipo kanga kambani. Kila mchoraji wa mji huu ameziona, na wengi huzichora kwa mapambo yake yote na maandishi yake yote, jambo ambalo mwenye kiwanda cha kanga amekwisha kulifanya vizuri kuliko sisi. Jaribu kuchora uzito wake zikiwa mbichi: jinsi zinavyoivuta kamba chini, maji yanavyokusanyika kwenye pindo. Anayefua nguo za watu watano kwa mikono anaujua uzito huo mpaka mgongoni. Ujumbe wa kanga uwe doa tu.

Usianze na maturubai yale. Weupe wake ndio unaokutisha, pamoja na bei yake. Twaa maboksi ya dukani, kata vipande, vipake rangi nyeupe ya maji ya kupakia ukuta. Kwa mazoezi yanatosha kabisa. Jifunge kutumia rangi tatu na nyeupe: buluu, njano, nyekundu. Ukishachora vipande kumi, hapo chukua turubai, na kabla ya lolote ulipake kote kahawia iliyozimuliwa kwa maji, ili weupe ufe. Hofu itapungua nusu yake.

Imebaki habari ya shemeji yetu. Kusema kweli sioni kwamba ukimya wake ulikuwa dharau. Mwanamume aulizaye bei kisha akanyamaza, yamkini anahesabu kodi ya nyumba moyoni, tena huenda yeye naye alipata kutamani kitu akakiacha. Mweleze wazi ulijinyima nini hata ukavipata vitu vile. Katika barua umenieleza mimi, sijui kama umemweleza yeye. Tena umesema kwamba akirudi kazini hukaa kwenye kigoda uani, akavua viatu, akabaki ameinamisha kichwa kwa muda bila kusema na mtu. Mchore hapo. Kaa mlangoni nyuma yake, mchore mgongo tu, kwa rangi ya saa ile. Usimwonyeshe. Kiache kibao mezani kikauke, yaani robo saa, nenda ukaogeshe watoto.

Atakalosema sijui. Mke wangu, kama nilivyokueleza, aliipeleka yangu jikoni. Juzi aliifuta masizi kwa kitambaa kibichi, na rangi haikutoka hata kidogo. Uso wake bado sijaumalizia. Kila nikishika brashi ananiambia niuache hivyo hivyo.